Kidubwasha cha Bi Masijala

Benchi lenyewe ni ubao mmoja uliolazwa juu ya mawe mawili, umeegemea ukuta mkabala na geti la ofisi ya vibali vya ujenzi, na aliyekaa mwisho wa kushoto akiinuka bila kutoa taarifa, wa kulia anakwenda chini. Wenye benchi lao ni watatu. Yuko Jaji, mshona viatu, ambaye aliwahi kuitwa mahakamani kutoa ushahidi wa kesi ya kuku, akakaa huko siku tatu, na tangu arudi hakuna ubishi anaokubali uishe bila hukumu yake. Yuko Antena, fundi wa redio na pasi, mrefu, mwembamba, mtu ambaye neno "sijui" halijawahi kupita kinywani mwake. Yuko Shemeji, muuza kahawa. Shemeji wa nani, hakuna anayekumbuka. Na kila siku ya kazi, saa saba mchana, hutoka getini Bi Masijala, karani wa chumba cha kutunzia mafaili, miaka ishirini na miwili kazini bila kupoteza hata karatasi moja, na hilo atakwambia mwenyewe kabla hujamuuliza. Siku hiyo alitoka na kompyuta ya kukunja kwapani, daftari lake jekundu mkononi, na uso wa mtu aliyemeza kidonge bila maji.

— Leo hata salamu hakuna? Jaji akauliza, huku akivuta uzi kwenye soli.

— Nipisheni nikae katikati. Mtandao wa ofisi haufiki kule masijala, kuta nene. Unafika hapa.

— Hapa benchini? Shemeji akashangaa. Mwaka mzima tumekalia mtandao na hatuna habari?

— Mimi nilikuwa najua, alisema Antena, ambaye hakuwa anajua.

Bi Masijala akaiweka kompyuta magotini, akaifungua, akapokea kikombe bila kukitazama. Ndipo akawamwagia yote. Asubuhi ile Mkuu wa ofisi aliwakusanya wafanyakazi ukumbini, akawatangazia kwamba zama za kubeba mafaili kwapani zimekwisha. Kuna kidubwasha kipya. Unakipachika kwenye kivinjari, yaani ile programu ya kufungulia mtandao, nacho kinakaa pale juu kama kitufe. Ukiwa umefungua faili, unakibonyeza, na faili linakwenda lenyewe kwenye Kabati.

— Kabati lipi? Lile lenye panya?

— Lile walilitoa, Jaji. Hili la sasa ni programu. Halina mlango, halina ufunguo, halina rafu. Ndimo nyaraka zote zitakaa.

— Na panya?

— Hawakusema kitu kuhusu panya.

— Basi hawajafikiria vizuri.

— Hebu nisikilizeni! Saa nane kamili Mkuu anafungua Kabati aangalie nani ametuma japo faili moja. Ambaye hajatuma, kuanzia kesho anahamia getini kuandika namba za magari.

Wote wanne wakatazama ng'ambo ya barabara. Pale getini kulikuwa na kiti cha mbao, mguu mmoja umelegea, jua limekikalia tangu asubuhi. Mara ya mwisho alikikalia mpiga chapa mmoja aliyegoma kuiacha mashine yake ya zamani. Alikaa miezi miwili, akaomba mwenyewe kustaafu, na siku ya kuaga shingo yake ilikuwa imeungua upande mmoja tu.

Bi Masijala aliogopa kiti kile, wala hakuona haya kuogopa. Lakini zaidi ya jua aliogopa kuonekana hafai. Mtu aliyeweza kukutolea faili la mwaka wa mafuriko akiwa amefumba macho, leo anashindwa na kitufe?

— Saa saba na dakika sita, alisema. Antena, wewe si fundi? Nisaidie.

Antena akajisogeza, akapangusa vidole kwenye suruali. Kwa kweli kupachika hakukuwa na ugumu. Mkuu alikuwa ametuma kiungo, wakakibonyeza, ukurasa ukafunguka, pakawa na kitufe kimeandikwa "Ongeza". Antena akakibonyeza kwa madaha ya daktari wa upasuaji. Kompyuta ikanyamaza kidogo, kisha ikatoa kikaratasi cheupe katikati ya kioo. Bi Masijala akakisoma kwa sauti, neno kwa neno, kama anavyosoma kila karatasi:

— "Kiendelezi hiki kinaomba ruhusa ya kusoma na kubadilisha data zako zote katika tovuti zote unazotembelea."

Uzi wa Jaji ulisimama.

— Rudia hapo kwenye kubadilisha, alisema Jaji.

— "Kusoma na kubadilisha data zako zote."

— Hiyo ni kesi. Kusoma sawa, msomaji hana kosa. Kubadilisha ni kughushi. Umeona ushahidi wowote wa tabia yake njema?

— Mzee, hiyo ni lugha yao tu, alisema Antena. Kila kidubwasha kinasema hivyo. Hata pasi ingekuwa na kioo ingekwambia inaomba kubadilisha shati lako.

— Zote ni zipi? Shemeji akauliza. Na tarehe ya kuzaliwa imo?

— Imo, alisema Antena.

— Basi kiruhusu upesi! Kinibadilishie na mimi. Niliandikwa mkubwa kuliko kaka yangu, na hadi leo kwenye misiba ananiamkia yeye.

— Wewe humo humo kwenye kompyuta yangu unatafuta nini?

— Si umesema tovuti zote?

Bi Masijala hakucheka. Masijala ina sheria moja, aliyoirithi kwa karani aliyemtangulia, na hajawahi kuivunja: faili haliguswi na mtu asiyetia saini. Liwe la Mkuu, liwe la mfagizi. Unaandika jina, cheo, tarehe, unatia saini kwenye safu ya LIMETOKA, na ukirudisha unatia saini kwenye safu ya LIMERUDI. Sasa huyu anayeomba kusoma na kubadilisha kila kitu, saini yake iko wapi?

Akafungua daftari jekundu juu ya kompyuta.

— Jina, alisema, akiandika. Kiendelezi. Cheo?

— Hana, alisema Antena.

— Asiye na cheo hachukui faili.

— Andika mjumbe, aliamua Jaji. Mahakamani kuna mjumbe. Anapeleka, anarudisha, hasemi.

— Mjumbe. Na saini?

Hapo wakagota. Antena alisema kidubwasha hakina mkono. Shemeji akasema hata mtu asiyejua kuandika huweka dole gumba. Jaji akatoa hukumu: asiyeweza kutia saini hudhaminiwa na watu wazima watatu wenye akili timamu, na kwa bahati nzuri hapo wapo watatu, au wawili na Antena. Wakatia saini mmoja mmoja. Shemeji aliacha doa la kahawa, Bi Masijala akalizungushia kalamu na kuandika pembeni "doa limethibitishwa". Ndipo akabonyeza "Ruhusu".

— Kiko wapi sasa? alisema. Sikioni.

Kweli, juu ya kioo hapakuwa na kitufe chochote kipya.

— Kimekimbia, alisema Shemeji. Tumekidhamini, kimekimbia. Mimi nina watoto.

— Hakijakimbia, kimejificha, alisema Antena, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa sahihi. Alibonyeza kialama fulani chenye umbo la kipande cha fumbo, yale ya watoto ya kuunganisha picha, orodha ikashuka, na kidubwasha kilikuwa mle, kimetulia, kikabati kidogo cha buluu. Antena akakipandisha juu, kikakaa.

— Aibu ya kazi mpya, alisema Jaji. Mimi pia siku ya kwanza mahakamani nilikaa nyuma.

Saa saba na dakika ishirini na tano. Bi Masijala akafungua faili la kwanza kwenye rundo la maombi yanayosubiri, lililokuwa limeshapigwa picha na kuingizwa kwenye kompyuta. Lilikuwa ombi la mtu mmoja anayetaka kutoboa dirisha. Dirisha moja, ukuta wa mashariki, nyumba ya chumba kimoja. Ombi lilikuwa na miezi minane. Akaandika namba yake kwenye daftari, safu ya LIMETOKA, akavuta pumzi, akabonyeza kikabati cha buluu.

Pembeni ya kioo kikatokea kijineno "Imetumwa", kikakaa muda wa kupepesa jicho, kikapotea.

— Tayari! Antena akapiga makofi.

— Tayari nini? Si lile pale bado?

Faili lilikuwa palepale kwenye kioo, na dirisha lake la ukuta wa mashariki, halijasogea hata kidogo.

Kwa Bi Masijala hilo halikuwa jambo dogo. Kitu kilichoondoka huacha nafasi. Miaka ishirini na miwili amejua faili limetoka kwa kuona pengo kwenye rafu, na ndani ya pengo anaweka kadi ngumu ya njano. Hapa pengo halipo. Kadi ataiweka wapi?

— Halijaenda, alisema.

— Limeandika limetumwa!

— Na wewe uliniandikia pasi yangu imepona.

Antena akaja na elimu. Alieleza kwamba benchi liko bondeni kuliko ofisi, na mtandao unaposhuka unashuka vizuri, lakini faili likipanda linachoka njiani na kurudi. Dawa ni kuinua kompyuta. Shemeji akasimama juu ya jiwe, akaishika kompyuta juu ya kichwa, Bi Masijala akanyoosha mkono, akabonyeza. Imetumwa. Wakaishusha. Faili lipo.

— Mara ya pili, Bi Masijala aliandika kwenye daftari.

— Mahakamani mtu huitwa mara tatu, alisema Jaji. "Fulani yupo? Fulani yupo? Fulani yupo?" Mara mbili ni kumzoeza sauti. Bonyeza tena.

Akabonyeza. Imetumwa. Lipo.

— Mara ya tatu. Na hakuja.

— Basi anaitwa upya kesi ikianza upya. Mara tatu nyingine.

Akabonyeza mara tatu nyingine, akaandika mistari mitatu mingine. Saa saba na dakika arobaini. Kijasho kilikuwa kimeanza kumtoka juu ya mdomo.

— Mimi naona hivi, alisema Shemeji, akimimina kahawa ambayo hakuna aliyeomba. Tazameni. Ninamimina, birika linapungua, kikombe kinajaa. Sasa hiki kidubwasha kinamimina na birika halipungui. Haiwezekani kuwa ni kahawa.

— Unamaanisha nini?

— Kinachokwenda si faili. Ni roho ya faili. Roho imeshafika, mwili umebaki hapa.

Jaji akakiweka kiatu chini.

— Kama roho imetoka, huu hapa ni maiti. Hatuwezi kukaa na maiti benchini mchana wote. Ufutwe.

— Thubutu! Bi Masijala aliikumbatia kompyuta. Faili halifutwi bila kikao cha watu watano na muhtasari!

— Na kama roho haijafika? Antena akauliza. Labda imeenda nusu. Roho ya faili zito haitoki yote kwa mkupuo mmoja. Hili lina kurasa ngapi?

— Kumi na saba.

— Umeona! Kila kubonyeza unatoa ukurasa mmoja. Umebonyeza sita, zimebaki kumi na moja. Faili la watu liko huko limekatwa kiunoni!

Hapo hata Jaji hakuwa na pingamizi. Hesabu ilikuwa imekaa vizuri mno. Bi Masijala, mwanamke mwenye akili zake, alijua rohoni kuna kitu hakijanyooka, ila saa ilikuwa saa saba na dakika arobaini na sita, na kiti kilikuwa kinamtazama. Akabonyeza. Akaandika. Akabonyeza. Akaandika. Watatu wale walihesabu kwa pamoja, Shemeji akipiga kifuniko cha birika kila namba, na walipofika kumi na saba walishangilia hadi mlinzi akatoa kichwa getini.

Faili lilikuwa bado lipo.

— Huo sasa ni ukaidi wa faili, alisema Antena.

Saa nane kupita kidogo, simu ya Bi Masijala ikalia. Mkuu. Akainuka kwa heshima, na kwa kuwa alikuwa katikati hakuna aliyeanguka.

— Bi Masijala! sauti ya Mkuu ilisikika hadi kwa Jaji. Wewe mwanamke ni moto! Wengine wote idarani leo wametuma mafaili kumi na moja. Wewe peke yako kumi na saba!

— Kumi na saba, Mkuu?

— Kumi na saba! Na mimi sikulala, nimeyapitisha yote palepale, moja baada ya jingine, bila hata kuinua kichwa. Vibali vinapigwa mhuri sasa hivi. Haijawahi kutokea ofisi hii! Getini tutampeleka mwingine. Wewe kesho saa tatu unawafundisha wenzako ukumbini.

Simu ikakatika. Benchi likalipuka. Jaji alimpa mkono, Antena akajipa mkono mwenyewe, Shemeji akatangaza duru ya kahawa kwa heshima ya mwalimu. Bi Masijala alikaa, akacheka, akafuta machozi kwa ukingo wa mtandio. Alifurahi kama msichana. Neno "yote" lilimrudia mara moja, akalimeza na kahawa.

Duru ya tatu ya kahawa ikiendelea, getini akatoka mwanamume mmoja, shati lina vumbi la saruji, mikono yote miwili imekumbatia karatasi. Alitazama huku na huku, akavuka barabara.

— Samahanini, wazee wangu. Nimeambiwa karani wa mafaili yuko hapa.

— Ndiye huyu, alisema Jaji kwa fahari. Mwalimu mwenyewe.

— Shikamoo, mama. Mimi ni mtu wa ukuta wa mashariki.

Kikombe cha Bi Masijala kikasimama njiani.

— Nimekaa kwenye korido yenu miezi minane, alisema yule mtu, bila hasira, kama anayeeleza njia. Leo nikaitwa. Nikashukuru. Nikapewa kibali, nikafika mlangoni, nikaitwa tena. Mara ya tano nilidhani nina makosa. Wameniita mara kumi na saba, mama. Kila kibali dirisha moja. Na nimesainishwa kwamba yote yawe yametobolewa ndani ya siku thelathini, mkaguzi atakuja kuyahesabu, na yasipotimia anaandika nimekiuka ramani na nyumba inabomolewa.

Akavikumbatia vibali vizuri, visimponyoke.

— Nyumba yangu ni chumba kimoja. Mama yangu haamki kitandani tangu mwaka jana. Aliomba dirisha moja, awe anaona nani anakuja. Sasa naomba mnieleweshe, nyinyi mnaojua mambo haya. Yale kumi na sita nitayatoboa wapi?

Antena alifungua mdomo.

— Labda kwenye…, alisema, akanyoosha kidole juu, akakishusha.

Jaji aliinua sindano kama anayetaka kuhukumu, akaanza kutafuta tundu la uzi ambao tayari ulikuwa umepita. Shemeji akalitikisa birika lake, likatoa mlio mkavu wa birika tupu, na akabaki amelishika vilevile.

Bi Masijala alilitazama daftari. Mistari kumi na saba chini ya LIMETOKA, mwandiko wake mwenyewe, saini za wadhamini, na doa lililothibitishwa. Upande wa LIMERUDI, weupe mtupu. Aliona haya, haya ya kweli, inayoanzia masikioni. Akakitafuta kwenye kompyuta kitufe cha kurudisha. Akatafuta kulia, akatafuta kushoto, akabonyeza hata kile kipande cha fumbo. Hakuna.

— Daftari langu lina safu mbili, alisema polepole. Hiki kidubwasha kina moja.

— Dada, Jaji akanong'ona, Mkuu hajui. Kesho saa tatu wewe ni mwalimu.

— Nitawafundisha nini, Jaji? Hiki?

Akanyoosha mikono kwa yule mtu. Akapokea vibali vyote, akavipanga magotini, akachambua ukingo kwa kidole kama anavyochambua siku zote. Cha juu akamrudishia.

— Hiki ni chako. Ukuta wa mashariki. Weka saini hapa, nenda kamtobolee mama leo leo.

Yule mtu akatia saini, akashukuru, akaondoka upesi upesi, akigeuka nyuma kila hatua chache kama anayeogopa kuitwa. Bi Masijala akashika kalamu, akaandika LIMERUDI, mstari baada ya mstari, mara kumi na sita, na hakuna aliyethubutu kupiga kifuniko. Alipomaliza akaifunga kompyuta, akazikusanya zile karatasi kumi na sita kifuani, tayari kuzipeleka kwa Mkuu, mkono kwa mkono. Ng'ambo ya barabara kiti kilikuwa palepale, jua juu yake.

— Jaji, misumari unayo?

— Ya viatu tu.

— Itafaa. Nikitoka huko ndani, nitakuletea kile kiti unikazie mguu wake kabla sijahamia.

Akainuka bila kutoa taarifa, akavuka.